Kabari Huingia kwa Juu

Nilichapwa viboko kwa neno moja: "haiwezi." Sikusema bwana hawezi, wala sikusema mimi siwezi. Nilisema mashine haiwezi. Lakini mtu aliyezoea kutiiwa haisikii tofauti hiyo. Aliwaita askari wawili, nikalazwa kifudifudi juu ya pipa la mafuta mbele ya karakana niliyokuwa fundi wake, na watu waliokuwa wakielekea sokoni wakapita wakitazama upande wa pili. Hamsa ishirini, ndivyo tulivyoiita adhabu ile, ishirini na tano kamili, na askari mmoja alihesabu kwa sauti ili asikosee. Mimi nilifika kumi na moja nikaachana na hesabu.

Sasa mimi ni mzee na hasira zangu bado ziko karibu. Wajukuu wanalijua hilo, hawagusi vyombo vyangu. Anayetaka kusikia habari za Mjerumani kwa sauti ya upole atafute mtu mwingine, yangu haina upole. Na sehemu ya hasira hizo ni juu yangu mwenyewe, kama nitakavyoeleza.

Karakana ilikuwa Morogoro mjini, karibu na stesheni, banda la mabati lenye ukuta pande tatu. Haikuwa ya reli. Ilikuwa ya bwana mmoja Mzungu aliyekuwa na mgodi wa ulanga milimani, mbele ya Mkuyuni, pale unapoiacha njia ya Matombo na kuanza kupanda. Ulanga ni yale mawe yanayobanduka tabaka tabaka na kung'aa. Waliyapeleka kwao kwa kazi wanazozijua wenyewe. Chochote kilichovunjika mgodini kiliteremshwa kichwani mwa mtu hadi kwangu, nami nikakitengeneza au nikatengeneza kingine.

Mimi ni mtoto wa mhunzi. Baba alifua majembe Kinole, na majembe yetu ya zamani hayakuwa na tundu la mpini kama haya ya dukani. Jembe lilikuwa na mkia mrefu, mpana upande wa jembe na mwembamba mwishoni. Mpini ndio uliotobolewa kichwani, mkia ukapita ndani yake. Ukilima, kila pigo linausukuma mkia ndani zaidi, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo inayokaza. Mtoto wa Kiluguru alijua mkia unaingia upande gani kabla hajajua kufunga shuka yake vizuri, maana ukiutia kinyume jembe linachomoka na kumkata anayelima nyuma yako. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Tulilikuta tu, kama tulivyoikuta mvua.

Mashine ya kukereza chuma ililetwa kwa meli, kisha kwa treni, na njiani sanduku moja likapotea. Ndani yake mlikuwa na magurudumu ya meno ambayo fundi huyabadilisha ili mashine ikate hesi nene au hesi nyembamba, ile mistari ya kuzunguka inayoshika nati. Ilibaki jozi moja tu, ya hesi nene kuliko zote. Chuma kirefu kuliko kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole hakikuingia. Zaidi ya hapo tulikuwa na keekee moja ya kutobolea yenye misumari mitatu, tupa nne ambazo mbili zilikuwa zimelika, tindo, fuawe, na tanuri la mkaa. Hiyo ndiyo karakana yote.

Mashine haikuwa na moto wala mvuke. Ilizungushwa na wafungwa wawili wa boma kwa gurudumu kubwa la mti, wamefungwa mnyororo mmoja shingo kwa shingo. Mmoja wao alikuwa mtani wangu, wa ukoo ambao ukoo wetu unataniana nao tangu mababu. Alifungwa kwa kuikimbia kazi ya barabara. Kila asubuhi aliniambia, "Mtumwa wa Mzungu, umeamkaje?" nami nikamjibu, "Mbwa wa mnyororo, zungusha!" Tukacheka, na yule mwenzake, mtu wa mbali asiyejua mila zetu, akatushangaa.

Siku moja mtani alilegeza gurudumu ajikune shingo, na ncha ya chuma cha kukatia ikavunjika. Ilikuwa ya mwisho, na kufua nyingine ni kazi ya siku nzima. Sijui nilifika vipi alipokuwa. Nilimpiga mdomoni kwa mkono wa koleo, jino likatoka. Mtani unaweza kumtukania mama yake, unaweza kuingia kwake ukachukua kuku ukamla mbele yake, lakini humwagi damu yake. Alitema damu, akalitazama jino kwenye kiganja, akasema, "Haya. Tutaonana kwenye matanga." Watani ndio wanaotuzika na kutuchekesha tukifiwa, kwa hiyo nililijua neno lake lina maana gani. Sikumwomba radhi. Nilikuwa na jeuri siku zile.

Mgodini, shimo lilikuwa na kina cha minazi mitatu, na watu walishushwa kwa pipa la mti lililofungwa kamba. Kamba ilikunjwa kwenye gogo la winchi, watu wawili wakizungusha mikono yake ya chuma huku na huku. Ubavuni mwa gogo palikuwa na gurudumu la meno, na juu ya meno hayo ulilala ulimi wa chuma. Gogo likizunguka kupandisha, ulimi unaruka jino kwa jino. Likitaka kurudi nyuma, ulimi unalikamata. Na ulimi wenyewe ulishikwa na pini moja iliyopita kwenye nguzo, nene kama dole gumba, imekazwa nyuma kwa nati. Pini ikitoka, ulimi unaanguka, gogo linakuwa huru, na pipa linakwenda chini na aliyemo.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wa watu wa winchi ile, na zamu nyingine alishuka shimoni. Alikuwa kijana mzima, ameoa, mtoto wa kwanza wa dada yangu. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye wako hasa, maana wa kwako mwenyewe ni wa ukoo wa mama yake. Watu wa akida walimchukua Kinole na kamba kiunoni, pamoja na wengine kumi na mmoja, wakawapeleka mgodini. Dada alishuka hadi mjini kwa miguu, akaketi mlangoni pa karakana bila kuomba hata maji.

"Kaka," aliniambia, "nimesikia chuma cha mashine ile unakitengeneza wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Basi wewe ndiye unayemshikilia mwanangu. Nimekuja kukwambia hilo tu."

Akainuka, akarudi Kinole. Tangu siku hiyo sikuwahi kushika kitu cha winchi bila kumwona ameketi pale mlangoni.

Pini iliyokuja na winchi ilikuwa imelika, na bwana akachora nyingine. Niseme haki, alikuwa na mkono mzuri. Mchoro wake ulikuwa safi, wino mweusi, vipimo vimepangwa pembeni. Alitoka kwenye viwanda vikubwa vya kwao ambako, alituambia, ukichora kitu kinatengenezwa. Hakuwa amesimama hata siku moja mbele ya mashine ile yake ya Morogoro. Mchoro ulitaka pini ipunguzwe mwishoni iwe nyembamba, na juu ya wembamba ule ikatwe hesi nyembamba sana ya kushika nati.

Nilimwambia mashine haiwezi. Hesi tuliyonayo ni nene, na hesi nene huchimba sana. Ukiichimba kwenye chuma chembamba, kinachobaki katikati si kitu. Nilimwonyesha kwa kijiti, nikakichonga kwa kisu mbele yake na kukivunja kwa vidole viwili. Labda kile kijiti ndicho kilichomuudhi zaidi. Nililazwa kwenye pipa.

Baada ya siku mbili niliweza kusimama, nikaitengeneza kama alivyotaka, kwa hesi niliyokuwa nayo. Damu ilishika shati mgongoni na shati likashika ngozi. Mtani alizungusha gurudumu taratibu siku ile bila kusema neno la utani, na ukimya wake uliniuma kuliko mgongo. Nikaibeba pini mwenyewe hadi mgodini, nikaifunga.

Ilidumu siku tatu, na ya tatu nilikuwa palepale, nikinyoosha mkono mmoja wa winchi uliopinda. Watu wawili walikuwa kwenye pipa wakipanda, na mpwa wangu alikuwa upande mmoja wa winchi na mwenzake upande wa pili. Nilisikia mlio mdogo tu, kama mtu aliyevunja ukuni. Nati iliruka na kipande cha pini ndani yake, ulimi ukaanguka, gogo likageuka. Mkono wa winchi ulimpiga mpwa wangu begani ukamtupa kwenye matope, na mwenzake akaachia kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuzuia kitu kile. Kamba ilipiga kelele. Wale wawili shimoni walipiga kelele pia, kisha wakanyamaza kwa pamoja. Tulipowapandisha kwa kamba nyingine, mmoja alikuwa amekwisha kufa, na wa pili ameingiwa na ubao wa pipa tumboni na bado akipumua. Alimwita mama yake hadi tulipomfikisha kivulini, hapo akafa.

Bwana alikuja, akatazama, akaamuru watu wa winchi wachapwe kumi kumi kwa kuachia mikono. Mpwa wangu alichapwa akiwa amevunjika mfupa wa bega. Mimi nilisimama na nyundo mkononi na sikufanya kitu. Naliandika hili kwa sababu watu hunisifu kwa hasira zangu, wakidhani hasira ni ushujaa.

Usiku ule bwana alichora tena. Mchoro ulikuwa uleule, na chini yake aliandika kwamba chuma kilichotumika kilikuwa kibovu. Akaubandika ukutani mwa karakana. Lakini kabla hajaniamuru kuanza, homa ilimkamata, ikampanda kichwani, wakampakia kwenye treni kumpeleka Dar es Salaam. Watu walisema hatarudi. Niliomba dua asirudi, na siionei haya dua hiyo.

Asubuhi iliyofuata niliugeuza mchoro wake ukaelekea ukuta. Nikavitoa vyombo vyote nje, nikavipanga juu ya mkeka, nikachuchumaa mbele yake. Mtani akauliza kama nimeanza kuuza. Nilikuwa nakiuliza kila chombo kinaweza nini. Mashine inaweza kukereza chuma kifupi kikawa mviringo laini, vizuri kabisa. Hesi, haiwezi ya maana, basi hesi isiwepo. Keekee inaweza tundu dogo, na ikitoboa matundu matatu kwa mstari tindo inaweza kuyaunganisha, na tupa inaweza kulinyoosha likawa tundu refu lenye pande nne. Tanuri na fuawe vinaweza kufua kabari, kipande bapa cha chuma, kipana juu na chembamba chini. Na ile kabari nilikuwa nimeiona maisha yangu yote. Ilikuwa mkia wa jembe.

Basi nikatengeneza pini nene mwanzo hadi mwisho, isiyopunguzwa popote, yenye kichwa kikubwa upande mmoja. Mkiani nikaitoboa tundu refu la kupita kutoka juu hadi chini. Pini inapita kwenye ulimi na nguzo, mkia unatokeza nyuma, na kabari inaingia kwenye tundu kwa juu badala ya nati. Winchi inatikisika siku nzima, jino kwa jino, na kila mtikiso unaiteremsha kabari ikaze zaidi. Hakuna hesi, na hakuna kitu ambacho mtu mwenye nyundo na tupa hawezi kukitengeneza hata huko huko mlimani. Nilifanya siku mbili. Niliposhindilia kabari kwa mara ya kwanza kujaribu, mtani aliinua mkono akasema, "Sasa ndiyo unafanya kazi ya baba yako." Mwenzake wa mbali naye akacheka, sijui alielewa nini.

Mgodini, mpwa wangu alinipokea kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa kifuani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bega vipi?"

"Lipo." Akaichukua pini, akaigeuza, akaichukua kabari, na kabla sijasema neno akaichomeka kutoka juu na kuigonga kwa kiganja. Akacheka kwa nguvu. "Mjomba, hili si jembe hili?"

Wenzake wote walikuja kulitazama jembe. Kila mmoja aliishika kabari, na kila mmoja aliichomeka kutoka juu. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa kazi yoyote ya mikono yangu. Nilishuka mlima nikiimba, mimi nisiyejua kuimba, na pale Mkuyuni nilinunua mkungu wa ndizi nikawapelekea wafungwa.

Mwezi mzima pini haikusogea. Kisha bwana akarudi.

Alishuka kwenye treni amekonda, macho ya njano, akaja moja kwa moja karakana na kuona mchoro wake umegeukia ukuta. Akauliza pini ya mchoro huo iko wapi. Mtu mwenye akili angesema ipo, imefungwa, mambo mazuri. Hapo ndipo hasira zangu ziliposema kwa niaba yangu.

"Mchoro wako umeua watu wawili," nilimwambia. "Wangu haujaua mtu."

Hakunipiga. Alikuwa dhaifu mno siku ile. Alinipeleka boma, na boma likanitia mnyororoni mwezi mmoja na nusu kwa ukaidi. Kwa kuwa yule mfungwa wa mbali alikuwa amemaliza kifungo chake, nilifungwa shingo na mtani wangu, na kesho yake nikarudishwa karakana kulizungusha gurudumu la mashine yangu huku bwana mwenyewe akijaribu kukereza. "Karibu nyumbani," mtani aliniambia. "Pole pole, usijikune." Pengo la jino lake lilikuwa karibu na uso wangu mchana kutwa.

Siku ya nne bwana alipanda mgodini na askari wawili. Yaliyotokea huko niliambiwa na watu waliokuwepo, na wote walisema jambo lilelile.

Alikuta winchi inafanya kazi. Aliitazama pini kwa muda mrefu, hakuona kasoro. Kisha akaona kichwa cha kabari kimetokeza juu ya mkia, na mkono wa winchi ukipita unakikwaruza kidogo. Ni kweli kilikuwa kikikwaruza, hata mimi nilikiona na kukiacha. Akasema ichomolewe na ipigwe kutoka chini, ili kichwa kining'inie upande usio na kitu. Kwake yeye kabari ni kabari. Ikipigwa kwa nguvu inashika, juu au chini ni mamoja.

Mpwa wangu ndiye aliyekuwa karibu. Akaambiwa aichomoe na kuigeuza.

Alisema, "Bwana, ikitoka chini itaanguka. Watu wako shimoni."

Bwana akarudia amri, na mpwa wangu akarudia jibu. Mara ya tatu aliweka kiganja chake juu ya kabari na kukiacha pale. Askari walimvuta, wakalipindua pipa la akiba, wakamlaza juu yake. Hamsa ishirini. Bega lililokuwa linaunga lilivunjika tena kwa vile walivyomshika. Hakulia, na bwana akaona kutolia ni ukaidi mwingine, akaamuru waanze upya. Wenzake walisema katika mara ya pili kiboko hakikuwa tena na sauti ya kupiga ngozi.

Wakati huo wengine waliwapandisha waliokuwa shimoni, wote, kabari ikiwa bado juu. Kisha wakaketi chini kwenye matope, watu kumi na mmoja, wakasema hawashuki. Askari waliwapiga kwa vitako vya bunduki na hawakuinuka. Bwana akachukua nyundo, akaichomoa kabari, akaipiga kutoka chini kwa mkono wake. Akajaza mawe kwenye pipa ili awaonyeshe, akaamuru askari wake wazungushe.

Lilishuka salama, ulimi ukiwa umeinuliwa. Lilipoanza kupanda, jino la kwanza, la pili, la tano, winchi ikitikisika kama kawaida yake, kabari ilidondoka kwenye matope bila kelele na hakuna aliyeitazama ila wale walioketi. Pini ikaanza kutoka kidogo kidogo. Walioketi waliiona na hawakusema. Ulimi ulipoanguka, askari waliachia wakaruka, na mkono wa winchi ukamkuta bwana aliyekuwa ameinama kutazama, ukamvunja taya. Mawe yalifika chini na mshindo uliosikika ng'ambo ya bonde.

Kwa hiyo siku ile hakufa mtu shimoni. Kabari ilirudishwa juu, na bwana hakuzungumzia tena suala hilo, kwanza kwa sababu ya taya.

Mpwa wangu walimbeba kwa machela hadi Kinole. Alikojoa damu siku mbili, na ya tatu akafa mikononi mwa mama yake. Habari zilinifikia kwenye gurudumu. Niliruka kuelekea mlangoni, nikasahau kwamba shingo yangu haikuwa yangu peke yangu. Nilivuta mnyororo hadi ngozi ya shingo ikafunguka, nikimburuta mtani, nikimnyonga, nikipiga kelele nisizozijua. Angeweza kunipiga, na alikuwa na haki yake tangu siku ya jino. Aliniacha nivute mpaka nikachoka. Akaketi nami chini, akanishika kichwa.

Sikumzika mpwa wangu. Nilipofunguliwa ilikuwa imebaki siku moja kufika arobaini, nikapanda Kinole usiku na mchana. Mtani alikuwa amefunguliwa kabla yangu, nikamkuta ameshafika, amekaa kwenye kigoda changu mimi mjomba wa marehemu, akila wali wangu.

Watu walipokwisha soma dua na kula, alisimama katikati ya uwanja kufanya kazi yake. Alijifunga kitambaa changu kichwani, akatembea kama mimi, akanuna kama mimi. Akachukua kipande cha mgomba, akakitoboa kwa kisu, akapaza sauti ya kufokafoka: "Mimi ndiye fundi! Mchoro wangu haujaua mtu!" Akachonga kabari ya mti, akaichomeka kutoka juu. "Imeingia!" Akaichomoa, akaichomeka kutoka chini. "Imeingia!" Juu, imeingia. Chini, imeingia. "Fundi mkubwa huyu! Mlango wake unaingilika mbele na nyuma, kama nyumba ya mkewe!" Watu walicheka. Dada yangu alicheka hadi machozi yakatoka, na ndiyo maana ya mtani, kumchekesha mtu siku ambayo hawezi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kile kipande cha mgomba.

Alinipa kipande kile mkononi na kuchuchumaa mbele yangu. Sasa alizungumza kwa sauti yake mwenyewe. "Nilikuwa kwenye gurudumu, nilikuona ukilipiga tupa tundu la pini. Kwa nini ulilifanya sawa juu na chini?"

Kwa sababu nilikuwa na haraka. Kwa sababu tundu sawa ni rahisi. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba jambo hilo halikunijia kichwani hata kidogo. Nilifikiria mashine inaweza nini, keekee inaweza nini, tupa inaweza nini, na kuhusu mikono ya watu nikadhani kila mtu duniani amewahi kushika jembe. Ningelipiga tupa tundu lile liwe pana juu na jembamba chini, kabari isingeingia kutoka chini ila ncha yake tu. Bwana angepiga nyundo mpaka jioni. Angetukana, angenipa mimi viboko akirudi, na pasingekuwa na amri ya kumpa mpwa wangu wala jibu la kumpa bwana. Chuma chenyewe kingekataa kwa niaba yake.

Nilimweleza mtani hayo yote, na sikujua kwamba dada yangu amesimama nyuma yangu na sinia la vyombo vichafu.

"Kaka," alisema, "kulifanya jembamba chini kungechukua muda gani?"

"Nusu asubuhi."

"Kwa chombo gani?"

"Tupa."

"Mlikuwa nayo?"

Nikamwambia tulikuwa nayo.